Swali Lisilotazama Uso: Kompyuta, kikumbusho na upimaji wa VVU kliniki



Chukueni faili la mtu aliyegundulika na VVU leo, akiwa tayari amekonda na kinga yake imeporomoka. Lisomeni kwa kurudi nyuma. Mara nyingi hamtakuta mtu aliyejificha hospitali isimwone. Mtakuta mtu aliyekuwa akija. Mwaka juzi alikuja na mkanda wa jeshi, akapewa dawa ya maumivu na ya kupaka. Mwaka jana alikuja na homa, akapimwa malaria, malaria haikuonekana, akapewa dawa ya malaria hivyo hivyo. Kisha kikohozi. Kisha kuhara kusikokatika. Kila safari alikaa mbele ya mtu aliyesomea kazi yake, anayejua fika kwamba mkanda wa jeshi kwa kijana wa miaka thelathini ni sababu tosha ya kupima VVU. Umuulize swali hilo kwenye mtihani, atalijibu na kuchukua maksi zote. Siku ile, mgonjwa akiwa mbele yake, hakusema kitu.

Nimeombwa nizungumzie kifaa kidogo kilichobuniwa kwa ajili ya siku ile. Tunakiita kikumbusho: maneno machache yanayojitokeza kwenye skrini, au kwenye karatasi iliyochapwa na kompyuta, mgonjwa akiwa bado kitini. Mgonjwa huyu hana kipimo cha VVU kwenye kumbukumbu, mpendekezee kupima. Basi. Hakitibu, hakipimi, hakishauri. Wengi hukisifu kwa kuwa kinamsaidia mtoa huduma asisahau, na hilo ni kweli, nitalieleza. Lakini nimekuja kutetea faida nyingine ambayo haisemwi sana, nayo naiona kubwa zaidi: kompyuta iliyopangwa vizuri humuuliza kila mtu bila kumtazama usoni. Nina wasiwasi kwamba faida hiyo tunaanza kuipoteza.

Tuanze na kusahau. Mwaka 1976 daktari Mmarekani, Clement McDonald wa Taasisi ya Regenstrief mjini Indianapolis, alichapisha utafiti katika New England Journal of Medicine. Kompyuta za wakati ule zilijaza chumba. Yake ilipitia kumbukumbu za wagonjwa waliotarajiwa kliniki, ikazilinganisha na kanuni zilizoandikwa na madaktari wenyewe, kisha ikachapa ushauri: huyu anatumia dawa fulani na hajapimwa kipimo fulani. Palipokuwa na kikumbusho, madaktari walichukua hatua katika asilimia 51 ya matukio. Pasipokuwa nacho, asilimia 22. Madaktari walikuwa wale wale, na elimu yao ilikuwa ile ile.

McDonald hakusema madaktari wale ni wazembe. Alisema makosa mengi ya namna ile yanatokana na mipaka ya binadamu katika kushika taarifa nyingi kwa wakati mmoja, na kwamba mipaka hiyo haiondolewi kwa kumsomesha zaidi. Hapo ndipo ninapoombea semina zetu radhi. Tumetumia miaka na fedha nyingi kuwapeleka watumishi hotelini, posho na chai ya saa nne, kuwafundisha jambo ambalo tayari wanalijua. Jumatatu wanarudi kwenye foleni ya wagonjwa sitini, na mkanda wa jeshi unapita kama ulivyopita wiki iliyotangulia.

Wala hatukuhitaji kompyuta kulijua hili, kwa sababu tulikuwa na ushahidi kwenye makabati yetu. Katikati ya miaka ya 2000, rejista za kifua kikuu ziliongezewa safu ya VVU: amepimwa, hajapimwa, jibu. Mhudumu anayejaza rejista hukutana na kisanduku kitupu kinachomtazama, na msimamizi akija robo mwaka hukutana nacho vilevile. Leo Kenya na Tanzania zinapima VVU zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa kifua kikuu. Kadi ya mama mjamzito imefanya kazi hiyo hiyo kliniki ya wajawazito. Lakini mtu yule yule akiingia chumba cha wagonjwa wa nje, ambako daftari lina jina, umri, kijiji, ugonjwa na dawa tu, hakuna kisanduku kinachomngoja, na swali halipo.

Kutoka Indianapolis uzi unakuja moja kwa moja hadi kwetu, na sisemi hivyo kwa kutaka kupendeza. Chuo Kikuu cha Indiana kilikuwa na ushirikiano na Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, huko Nandi, ulianzishwa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta, kazi ya kina William Tierney, Joseph Rotich na wenzao. Kituo cha afya cha kijijini, wakati ambapo hospitali nyingi za mijini, hata za nchi tajiri, zilikuwa bado zinatafuta mafaili kwa ngazi na kamba. Mwaka huo huo ulizaliwa mpango wa AMPATH wa kutibu VVU magharibi mwa Kenya. Wagonjwa walipoongezeka kupita uwezo wa mfumo ule wa kwanza, Burke Mamlin na Paul Biondich wa Regenstrief walianza, mwaka 2004, kujenga mfumo mpya ambao mtu yeyote angeruhusiwa kuutumia na kuurekebisha bila malipo. Ndio OpenMRS. KenyaEMR na UgandaEMR, ambazo wengi wenu mmezizoea, zimejengwa juu yake.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wapenzi wa teknolojia hulipita haraka. Vikumbusho vilivyotolewa na mifumo hiyo huko Eldoret havikuwa kwenye skrini. Tabibu hakuwa na kompyuta mezani. Makarani waliingiza taarifa kutoka fomu za karatasi; kabla ya mgonjwa kuonana na tabibu, mfumo ulichapa muhtasari wa hali yake, na chini ya muhtasari mistari michache: kipimo hiki kimechelewa. Karatasi ikawekwa kwenye faili. Kwa hiyo yeyote anayesema "sisi hatuwezi, hatuna kompyuta kila chumba" amejibiwa tangu zamani na kliniki iliyotegemea karatasi na printa.

Dkt. Martin Were, Mkenya, pamoja na wenzake, walianza kwa kuangalia kipimo cha kinga, CD4, kwa watu wazima, wakaona maagizo ya kipimo yanaongezeka. Kisha wakageukia watoto, na utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Pediatrics, ndio ninaoupenda kuliko zote. Walifuatilia kliniki ya watoto ya VVU katika hospitali ya rufaa huko Eldoret. Baadhi ya mafaili yalikuwa na vikumbusho, mengine hayakuwa navyo. Mambo yaliyokuwa yamechelewa, yakiwemo kumpima VVU mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU, yalitekelezwa kwa asilimia 68 palipokuwa na kikumbusho, na asilimia 18 pasipokuwa nacho.

Kwa nini pengo hilo ni kubwa hivyo? Kumpima mtoto mchanga ni hesabu ya kalenda. Kingamwili za mama huvuka kwenda kwa mtoto tumboni, na zinaweza kubaki katika damu yake hadi miezi kumi na minane. Ukimpima kwa kipimo cha haraka cha kuchoma kidole mapema, unaweza kuwa unapima kingamwili za mama yake. Kwa hiyo mtoto wa wiki sita huchukuliwa tone la damu kisiginoni, likakaushwa kwenye karatasi maalumu na kupelekwa maabara inayotafuta virusi vyenyewe. Kisha kuna kipimo kingine baadaye, akiwa ananyonya, kisha cha mwisho akishafikisha umri na kunyonya kumekoma. Katikati ya tarehe hizo mama anahama, anaumwa, au anakwenda kutafuta kazi mjini. Mtoto analetwa na bibi ambaye hakuambiwa chochote, au anayejua kila kitu na hataki kuulizwa mbele ya majirani. Kadi imelowa mvua. Nani atashika kalenda ya watoto mia nne kichwani? Na gharama ya kuikosa tunaijua. Mtoto aliyeambukizwa asipotibiwa, uwezekano wa kufa kabla ya kutimiza miaka miwili unakaribia nusu. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kumwanzishia dawa mapema, bila kungoja aumwe, kulipunguza vifo vya watoto hao kwa asilimia 76.

Kwa kazi ya namna hii kompyuta haina mpinzani. Kuhesabu wiki ndicho inachokijua.

Nije kwa watu wazima, ambako jambo linakuwa gumu, kwa sababu hatuhesabu wiki tena. Tunamtazama mtu.

Hospitali za maveterani wa jeshi la Marekani zilikuwa na kumbukumbu za kompyuta kabla ya wengi. Matthew Goetz na wenzake, kusini mwa California, waliweka kikumbusho cha VVU katika vituo viwili, wakaacha vingine vitatu kama vilivyokuwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Katika kituo kimoja, sehemu ya wagonjwa wenye viashiria vya hatari waliopimwa kwa mwaka ilipanda kutoka asilimia 4.8 hadi 10.8, katika kingine kutoka 5.5 hadi 12.8. Kwenye vile vitatu hakukuwa na mabadiliko. Tuwe wakweli: kikumbusho hakikuwa peke yake. Kliniki zilipewa takwimu zao zijione, ushauri wa kabla ya kupima ulifupishwa, na watumishi walihamasishwa. Hata hivyo, kwa jitihada zote hizo, takribani tisa katika kila kumi ya watu ambao kompyuta yenyewe iliwaona kuwa hatarini walimaliza mwaka bila kupimwa.

Sababu mbili naziona. Ya kwanza ni karatasi: wakati ule kanuni za hospitali hizo zilitaka mgonjwa atie saini ridhaa ya maandishi, sharti lililoondolewa mwaka 2009. Ya pili ndiyo iliyonileta hapa. Kikumbusho kile hakikuwaka kwa kila mgonjwa. Kiliwaka kwa aliyewahi kuwa na homa ya ini aina ya C, aliyewahi kuwa na ugonjwa wa zinaa, aliyetumia dawa za kulevya, na mengine ya namna hiyo. Yaani kompyuta ilikuwa imerithi jicho la daktari. Na jicho hilo lina shida kubwa: likishakuchagua, kupendekezewa kipimo ni sawa na kushutumiwa. Mgonjwa anajua. Anauliza: "Kwa nini mimi?" Na daktari, ambaye naye ni mtu mwenye haya, anaona bora asianze maneno hayo.

Nirudi nyumbani, ambako jambo hili lina uzito wake wa peke yake. Tabibu wetu ana miaka ishirini na sita. Anaingia mzee wa umri wa baba yake, kanzu imepigwa pasi, au koti na Biblia kwapani. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu." Baada ya marahaba hiyo, kijana aanzie wapi? Amwambie mzee, "naona nikupime VVU"? Katika masikio ya mzee hiyo ni tusi lililovaa koti jeupe. Sasa fikiria kituo cha afya cha kata, ambako huyu mama aliyeketi ni mwalimu aliyekufundisha darasa la tatu, yule bwana ni mkweo mtarajiwa, na binti anayefuata ni wa jirani yako. Tabibu hasahau. Anakumbuka vizuri sana, na anameza swali. Miaka yote tumeandika kwenye ripoti zetu kwamba "watoa huduma hawana uelewa". Uelewa wanao. Kinachowakwaza ni heshima, na heshima si upungufu wa kurekebishwa kwa semina.

Hapo ndipo kikumbusho kinachowaka kwa wote kinapofanya kazi ambayo mtu hawezi kuifanya. Kinachukua lawama. "Mzee wangu, huu mfumo unanitaka nimuulize kila anayeingia hapa, hata jana nilimuuliza mkuu wa shule. Kwako unasema hatujawahi kukupima VVU. Tunaweza kupima leo pamoja na sukari na presha, au usingependa?" Mzee anacheka, anailaumu kompyuta, ananyoosha kidole. Swali limetoka kinywani mwa kijana bila kubeba shaka yake juu ya maisha ya mzee, kwa sababu kweli halikutokana na shaka. Nasisitiza neno kweli. Ikiwa mfumo haumuulizi kila mtu, kijana amesema uongo, na mzee wa pili atakayefanya utafiti wake kwenye foleni ataugundua uongo huo kabla ya saa sita.

Historia inaniunga mkono. Botswana, taifa dogo lililokuwa limeelemewa, ilianza mwaka 2004 kupima VVU kama jambo la kawaida katika vituo vyake, mgonjwa akiwa huru kukataa. Marekani ilifuata mwaka 2006 kwa pendekezo la kumpima kila mwenye umri wa miaka 13 hadi 64 anayefika kituoni. Shirika la Afya Duniani, pamoja na UNAIDS, lilitoa mwongozo wake mwaka 2007. Mwaka huo huo, tarehe 14 Julai, Rais Kikwete wa Tanzania na mkewe walipima hadharani kuanzisha kampeni ya kitaifa. Nadhani watu walielewa maana ya kitendo kile kuliko walivyoelewa hotuba: ikiwa Rais anapimwa, basi anayepimwa hajashukiwa lolote. Shida ya kampeni ni kwamba hema hukunjwa. Kikumbusho kinabaki kazini Jumanne ya mvua wakati kamera hazipo.

Uingereza imekwenda mbali zaidi. Tangu Aprili 2022, katika idara za dharura za London na miji mingine yenye maambukizi mengi, mtu mzima anayetolewa damu kwa sababu yoyote hupimwa na VVU asipokataa, na katika hospitali nyingi kati ya hizo fomu ya kompyuta ya kuagiza vipimo huweka VVU yenyewe. Daktari hatakiwi kukumbuka kuagiza. Angelazimika kukumbuka kuondoa. Wenzetu wanaotaka tuige moja kwa moja nawaomba wangoje kidogo. Kwetu mgonjwa hamkatalii "daktari". Anasema "sawa" akimaanisha niache niende, na "nitarudi kesho" ni hapana iliyovikwa adabu. Sheria ya VVU ya Kenya ya mwaka 2006 na ya Tanzania ya mwaka 2008 zinadai ridhaa, nami nazitetea. Ukimya wa mtu anayekuogopa hauwezi kuhesabiwa kuwa ridhaa. Kikumbusho kwetu kiwe cha kupendekeza, na kukataa kuwe kwepesi kama kukubali, na kusiwe na gharama: dawa ya kikohozi atapata vilevile.

Kuna pingamizi ninalolipa uzito zaidi kuliko hili la ridhaa, nalo ni la masikio. Kikumbusho kikizidi hakisikiki. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikuta kwamba madaktari hupuuza kati ya asilimia 49 na 96 ya maonyo ya usalama wa dawa yanayotolewa na kompyuta. Kompyuta inayoonya kila dakika ni kama mpiga debe wa stendi: siku ya kwanza unageuka, siku ya tatu humsikii tena hata akiita basi lako. Nimeona mifumo inayomwonya tabibu kuhusu uzito usiojazwa, namba ya simu isiyojazwa, bima iliyokwisha, chanjo, VVU na sasisho la programu, vyote kwa rangi ile ile nyekundu. Kidole kinazoea kubonyeza "endelea" chenyewe. Kwa hiyo wanaopanga mifumo wanapaswa kuwa wachoyo. Kila wizara, kila mradi, kila mfadhili ataleta kikumbusho chake na kusema ni kimoja tu.

Halafu kuna uongo. Taarifa isipoingizwa, kikumbusho hudanganya. Mama alipimwa wiki iliyopita kliniki ya wajawazito, lakini daftari lile halijaingizwa, au limeingizwa kwenye mfumo mwingine usiozungumza na huu. Leo anaambiwa hajawahi kupimwa. Mara moja atavumilia, mara ya pili atajua kwamba mashine haijui kitu, na tabibu naye atajua. Imani ikiondoka hairudi kwa waraka kutoka makao makuu.

Na ukimya nao husema. Hili wapangaji wengi hawalifikirii hadi limuumize mtu. Tuseme kikumbusho huwaka kwa kila asiye na kipimo, na hakiwaki kwa aliyekwisha kujulikana kuwa na VVU. Skrini inaonekana na karani, na mwanafunzi wa mafunzo, na mgonjwa anayesubiri mlangoni. Kwa wote kimewaka, kwa huyu hakikuwaka. Kliniki ndogo hujifunza maana ya ukimya huo kwa siku mbili. Dawa yake haihitaji fedha: mstari uwepo kwa kila mtu, kwa rangi ile ile, mahali pale pale, na taarifa ifunguliwe na anayehusika tu. Lakini lazima mtu awe amekaa chumbani akatazama nani anaona nini kabla ya kuandika programu. Karatasi ya Eldoret ilikuwa na hatari hiyo hiyo, kwa sababu faili hubebwa na wengi.

Sasa nifike kwenye wasiwasi wangu. Afrika Mashariki imesonga. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 79.5 ya watu wazima wenye VVU wanajua hali zao. Wa Tanzania, wa 2022-2023, ulikuta asilimia 82.7, na kati ya wanaojua, karibu wote, asilimia 97.9, walikuwa kwenye dawa za kufubaza virusi. Ukishaingia mlangoni, huduma inakushika. Waliobaki nje ni wale wasiojua, na wanaume wamo kwa wingi. Lakini kadiri waliobaki wanavyopungua, ndivyo unavyolazimika kupima wengi ili kumpata mmoja, na ndivyo wanaolipia vitendanishi wanavyokunja uso. Ikaja hoja ya kupima kwa kulenga: mgonjwa aulizwe kwanza maswali ya kumchuja, ana wapenzi wangapi, alitumia kinga lini, na jibu lake liamue kama anastahili kitendanishi. Maswali hayo yakaingia kwenye kompyuta. Kikumbusho kilichokuwa kikisema "mpime" sasa kinasema "hakikisha kama anastahili".

Naelewa hesabu yake. Vitendanishi si mchanga wa baharini. Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje kwa agizo la siku moja, tuliona jinsi nguzo zetu zilivyokuwa za kuazima: miongoni mwa waliorudishwa nyumbani walikuwemo washauri wa upimaji na makarani wa takwimu, yaani wale wanaoingiza taarifa ambazo bila hizo kikumbusho ni kipofu. Anayesimamia kituo leo analazimika kuchagua. Lakini tujue tunachochagua. Fomu ya kuchuja humrudisha kijana wetu mbele ya yule mzee, safari hii akiwa na maswali ya chumbani. Mzee atajibu nini? Atajibu kama watu wa heshima wanavyojibu. Kompyuta itaandika "hana hatari", na tutakuwa tumelipa jicho lile la zamani cheti cha sayansi. Wanaochujwa nje kwa njia hii ni hasa wale wenye mengi ya kupoteza kwa kusema kweli: mke wa mtu, kiongozi wa dini, msichana wa miaka kumi na saba aliyekuja na mama yake.

Ikiwa lazima tuchuje, tuchuje kwa vitu ambavyo mgonjwa haulizwi na vilivyo tayari kwenye kumbukumbu: kifua kikuu, mkanda wa jeshi, ugonjwa wa zinaa unaotibiwa leo, mimba, kupungua uzito, muda uliopita tangu kipimo cha mwisho. Hiyo ni kanuni ya ugonjwa na kalenda, na mtu mwenye mkanda wa jeshi anaweza kuambiwa bila haya kwamba kila mwenye mkanda wa jeshi hupimwa. Na kila kituo kinachotumia fomu ya maswali kiwe kinapima, walau wiki moja katika kila robo mwaka, hata wale ambao fomu imewakataa, tuone imewakosa wangapi. Sijaona sababu ya kuogopa zoezi hilo isipokuwa hofu ya jibu lake.

Nimalize na jambo la vitufe, maana wapo hapa vijana wanaoandika programu. Tabibu akishaona kikumbusho, mpeni majibu matatu. Amekubali. Amekataa, na mfumo usimuulize tena kwa miezi kadhaa, maana kumsumbua aliyekataa ni kumlazimisha polepole. La tatu ndilo ambalo mifumo mingi haina: sikuweza. Chini yake ziwepo sababu fupi za kubonyeza, vitendanishi vimekwisha, hakuna chumba cha faragha, mhudumu wa kupima hayupo. Bila kitufe hicho tabibu mwaminifu hulazimika kuandika kwamba mgonjwa amekataa, na takwimu zetu zimejaa wagonjwa waliokataa kitu ambacho hawakupewa. Tukikiweka, mganga mkuu wa wilaya apelekewe orodha ya hicho cha tatu tu kila mwisho wa mwezi, kabla ya kuandika barua ya kuwauliza matabibu wake kwa nini hawapimi.